Fundi wa mikeka Mkomani, Lamu: mkeka wa mamangu umeshonwa upya

Naandika hii manake nilipokuwa nahitaji mtu wa kunishonea mkeka sikuona popote palipoandikwa, nilizunguka mji wiki mbili nikiuliza huyu na huyu, na tangu mkeka wetu upone sasa naulizwa mie, kila wiki mtu mpya kwa simu, kwa hivo wacha nieleze yote hapa mara moja. Ni ndefu, mnisamehe. Nimemkusudia yule ambaye ana mkeka wa mzazi wake umeviringwa juu ya kabati na kila akiuangalia roho yamuuma, hawezi kuutupa na hawezi kuutandika.

Wetu ni wa miyaa, yale majani machanga ya mkoma, wa kulalia watu wawili, zambarau na kijani na mstari mwekundu mwembamba katikati. Mamangu aliusuka na nyanya yangu mwaka aliokuwa anangoja kuolewa, ndo uliotandikwa chumbani siku ya harusi yake, na ndo huo huo tuliolalia sisi watoto wanne usiku wa joto. Tulipohamia Mombasa ulikuja nasi, tukahama nyumba tatu hapo Mombasa na wenyewe ukahama nasi, mwisho ukaishia nyuma ya mlango manake nyumba za kupanga zina vigae na kila mtu siku hizi ana kochi.

Mwaka jana mamangu alishikwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, na maneno yakawa yatoka moja moja kama mtu anayeokota kunde. Nikaacha kazi nikamrudisha Lamu nyumba ya nyanya, manake kila akiulizwa ataka nini alikuwa asema neno moja tu, Amu, yaani Lamu. Tulipofungua mizigo ndo tukauona mkeka. Panya wamekula upindo wa upande mmoja wote, na katikati kili mbili (moja ni ukili, zile tepe za miyaa zinazosukwa kisha zashonwa ubavu kwa ubavu ziwe mkeka) zimeachana, tundu la kupita mkono. Mama aliuona kabla sijaufunika. Akaweka mkono wa kushoto pale palipoachana akawa anapapasa, anapapasa, hasemi kitu. Mie nilienda kulia jikoni.

Pa kwanza nilipoupeleka ni duka moja la vitu vya mkono, silitaji jina. Kijana hata hakuufungua. Akasema hizi hazishoneki tena dada, akanitolea wa plastiki, elfu moja mia mbili, ati waosha na sabuni, hauozi, una picha ya tausi. Sina ugomvi na mikeka ya plastiki, wengi wetu tunayo na kwa nyumba yenye watoto wadogo inasaidia sana, lakini sikwenda pale kununua mkeka. Pa pili waliniambia niache wataangalia, nikaacha siku nne, niliporudi nikaukuta chini ya magunia ya simiti vilevile nilivyoufunga, na alama ya gunia juu yake.

Aliyenielekeza ni mzee wa kahawa, pale Mkunguni mbele ya ngome. Nilikuwa nimepumzika kivulini na mkeka umeniegemea begani, akauliza huo mkeka wa wapi mwanangu, nikamfungulia ncha. Akashika upindo uliobaki kwa vidole viwili, dele lake la kahawa kaliweka chini, akasema, "Huu una mkono wa mtu. Nenda nao Mkomani."

Sasa nyumba. Hakuna kibao wala namba. Ni nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, kuta nene, daka lenye baraza mbili zinazotazamana, unafika baada ya kupita chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunga nyumba mbili, na utajua ndo hapo kwa sababu penye daka miyaa imeanikwa kwa kamba kama nguo. Uliza tu "kwa bibi wa mikeka", watoto wa mtaa watakupeleka. Wanaume wanaishia daka, kijana wa nyumba anatoka anapokea mzigo na maelezo. Wanawake twapiga hodi twaingia mpaka kiwanda, ule uwanja wa ndani usio na paa, na hapo ndo kazi inapofanyika. Siku ile walikuwa wanawake sita juu ya jamvi, miguu imenyooshwa, kila mmoja ukili unamtoka mkononi na kujiviringa pembeni yake, na zile zidaka za ukutani ambazo nyumba nyingine zinawekwa sahani za Kichina, hapa zimejaa mabunda ya kili za rangi zote. Na ile harufu. Miyaa iliyorowekwa ina harufu ya majani makavu yaliyonyeshewa mvua ya kwanza, nilisimama mlangoni nikawa mtoto wa miaka sita.

Mwenye nyumba sote twamwita Bibi. Alichukua mkeka akaugeuza, upande wa chini ukawa juu, akasema mkeka husomwa mgongoni. Akapitisha kidole mshono mmoja mmoja, toka upindo hadi upindo, hana haraka, na alipofika katikati akasimama. "Hapa walikuwa wawili," akasema. Nikainama nikatazama. Kweli, kili za upande huu zimekazwa na chane zake, vile vipande vya jani vinavyosukwa, ni pana, za upande wa pili zimelegea kidogo na chane ni nyembamba. Nyanya na mamangu. Miaka yote ile nimelalia mkeka ule sikuwahi kujua kuna mpaka wa mikono miwili chini ya mgongo wangu, na pale palipoachana ndo pale pale wawili hao walipokutana.

Akaniuliza, "Wenyewe wa hai?" Nikamwambia mmoja yu hai, mamangu, lakini mkono hauwezi na kusema kwake ni tabu. Akasema, "Mkeka hausukwi kwa ulimi. Mlete kesho baada ya alasiri."

Bei tulikubaliana palepale. 1,500 kwa kushona pale katikati, kutia kili mbili mpya na upindo wa upande ule ulioliwa, nikatoa 500 ya kuanzia kwa M-Pesa. Hakuandika popote. Alifunga mkeka kwa kamba ya miyaa akatia fundo mbili, nikaambiwa fundo mbili ni wiki tatu. (Zikawa tano, nitafika huko.)

Kumpeleka mama haikuwa rahisi na nawaambia mapema wenye wagonjwa. Kutoka kwetu ni dakika tano kwa mtu mzima wa afya, sisi ilituchukua nusu saa na bakora yake, tukisimama kila penye ukuta kupisha punda wa mchanga, na mama alikuwa amejifunika uso wote manake hataki watu wamuone mdomo ulivyovutwa. Nyumbani alikuwa na mpira mdogo wa kliniki wa kufinyafinya ili mkono upate nguvu, ulikuwa haumpendezi kabisa, ukimpa aufunika na leso kama kitu cha aibu. Pale kwa Bibi alikalishwa juu ya mto mgongo ukutani, akaletewa kahawa chungu kikombe nusu ili kisimwagike, na Bibi akachukua ncha ya ukili akaiweka kwenye ule mkono wa kulia, akamfunga vidole kimoja kimoja juu yake. "Wewe shika tu. Mwanao atasuka."

Mimi nilikuwa sijui kusuka. Nimezaliwa Lamu, nyanya yangu msusi, mamangu msusi, mie najua kutumia kompyuta.

Hivi ndivyo wanavyofundisha, kwa wanaotaka. Kwanza unachana, jani refu linapasuliwa chane za upana mmoja, na upana ndo kila kitu, chane moja ikizidi mwenzake ukili unapinda na huwezi kuunyoosha tena. Zile za rangi zinachemshwa kwa sufuria na rangi ya unga kisha zinaanikwa kivulini. Kabla ya kusuka unazilowesha kidogo, zikiwa kavu zinakatika na zikilowa mno ukili ukishakauka unalegea. Mie nilianzishwa chane saba. Moja inapita juu ya mwenzake, chini ya anayefuata, juu, chini, ikifika ukingoni unaikunja inarudi na ya upande wa pili inakuja kukutana nayo katikati, na chane ikikaribia kuisha unaunga nyingine juu yake kabla haijaisha, ncha unaiacha nyuma itakuja kukatwa kwa kisu. Siku ya kwanza baada ya saa nzima nilikuwa na shibiri moja na imepinda yote kulia manake nilikuwa navuta kwa hasira, sijui hasira ya nani. Bibi akaichukua, akaifumua yote, hakunikaripia, akanirudishia chane zangu saba zimeloweshwa upya. "Regeza zanda," akasema. Zanda ni vidole kwa Kiamu. Neno hilo sikulisikia tangu nyanya afe, na mama pale ukutani akalirudia polepole, zanda.

Tukawa twaenda kila siku isipokuwa Ijumaa. Na hapa ndo nataka kueleza vizuri kwa sababu ndo kitu nilichopata ambacho sikukilipia.

Kumuuguza mzazi hakuna mwisho wa siku. Unamuogesha, unamlisha, unamgeuza, dawa za presha saa hii na saa ile, usiku unaamka kusikiliza kama anapumua, asubuhi yaanza upya na hakuna kilichomalizika, hakuna unachoweza kukishika ukasema hiki nimekifanya jana. Nilifika mahali nakaa jikoni na sufuria mkononi sikumbuki nilitaka kupika nini. Sasa ukili una mwisho wa siku. Jua likiteremka ukutani na kivuli kikafika kizingitini Bibi anasema haya, funga, unafunga ncha isifumuke, unanyosha mikono miwili toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, hiyo ni pima moja, na unapima. Leo nusu pima. Leo pima moja kasoro shibiri. Unaviringa, unaweka kwenye kidaka, unaenda nyumbani kabla ya maghribi, na usiku ule nikiamka kumsikiliza mama najua kuna kitu kule Mkomani kimeongezeka na kesho nitakikuta palepale nilipokiacha. Nilianza kulala. Sikulala sana lakini nililala, na vidole vikawa vyaenda vyenyewe juu ya shuka, juu, chini, juu, chini, mpaka usingizi unakuja.

Na wale wanawake. Kila mtu anakuja na kidogo chake, huyu mahamri mawili kwenye kawa, huyu kipande cha halua, mmoja Jumatano huleta vikuba vya yasmini na mrehani anatugawia, mama naye avishwa chake. Wanazungumza bei ya samaki, nani kaposwa, mvua itakuja au haiji, na pengine nusu saa yapita hakuna aliyesema neno, wasikia chane tu zinavyokwaruzana na mmoja hujisomea kaswida kwa sauti ya chini kabisa, na ukimya ule haumtii mtu wasiwasi. Hakuna aliyewahi kuniuliza mgonjwa anaendeleaje. Wanamuuliza mwenyewe! Kisha wanangoja, neno lake litoke lichelewe vipi, mikono yao inaendelea na macho yapo kwenye ukili, hawamkazii macho hata kidogo, hivo hana haja ya kujificha mdomo. Wiki ya pili aliteremsha buibui usoni mwenyewe.

Mtu asije akasoma hapa akaacha dawa ya mzazi wake. Kliniki twaenda, presha twapima, mazoezi twafanya. Nasema tu nilichokiona.

Nilichokiona wiki ya nne ni hiki. Nilikuwa nishapandishwa chane tisa, nasuka ule wa kijani na zambarau utakaoingia katikati ya mkeka wenyewe, naufuata uliopo uwe sawa na wenzake, na ukili ulivyokuwa ukirefuka mama alikuwa kaushika ncha kwa mkono wa kulia na huku mkono wa kushoto waupapasa unavyomfikia. Akasimama. Mkono ukarudi nyuma kidogo, ukaenda mbele, ukarudi tena, kidole cha kati kikakaa mahali pamoja. "Hapa," akasema. Nikatazama sioni kitu. Bibi akaja akatazama, kwa macho hakuona, akapitisha kidole. Nilikuwa nimeruka chane moja, moja tu, karibu shibiri mbili nyuma. Mama akasema, "Fumua." Na mie nikafumua, na wote wakacheka kwa furaha manake hiyo ilikuwa sauti ya mamangu ya zamani, ile ya kutuamrisha, tulikuwa hatujaisikia tangu augue.

Haya, kazi yenyewe sasa. Mkeka ulikabidhiwa baada ya wiki tano na siku kadhaa. Sababu ilikuwa mvua, masika miyaa haikauki na Bibi hakubali kushona ukili wenye unyevu, ati utaoza ndani ya mshono usijue mpaka ukanyage upasuke. Namuelewa, lakini angetuma mtu kusema, simu yake inakaa ndani ya kabati na haishiki mtu. Mshono wa katikati ni mzuri sana. Wameushona kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, na kamba nyembamba ya miyaa yenyewe, sio uzi wa nailoni, manake nailoni haichakai na miyaa inachakaa hivo nailoni inakuja kuukata mkeka kama kisu, hilo ndo lililoharibu mkeka wa jirani yangu. Nimeuvuta kwa mikono yote miwili haukucheza. Ukiutandika utaona kili mbili katikati zinang'aa na nyingine zote zimepauka, Bibi alinipa nafasi nichague rangi hafifu zifanane, nikamwambia acha zionekane. Upande wa kushoto kwake nyanya, upande wa kulia mama, na katikati hizo mbili mpya, moja yangu na moja ya Bibi, na mtu akiugeuza mgongoni atajua mara moja ipi ni ya nani.

Kasoro niliyoikuta, upindo mpya ulikuwa na mstari mwekundu ambao ulichuja, shuka letu jeupe limepata doa halijatoka mpaka leo. Nilirudi nao nikiwa nimekasirika, Bibi akalowesha kidole akasugua, akaona, akaomba radhi mbele ya watu wote na akaufumua akatia mwingine kwa siku mbili bila malipo. Kwa hivo mkichukua kitu chenye nyekundu, kwanza sugueni na kitambaa cheupe kilicholowa hapohapo kabla hamjaondoka.

Bei nyingine nilizoona, hizi ni za wakati niliokuwa pale. Mkeka mpya wa kulalia mtu mmoja 3,500, wa wawili ulifika 6,000 kulingana na rangi na wembamba wa chane, msala wa kuswalia 1,200, kawa ya kufunikia chakula 600, kipepeo cha kujipepea 200, vikapu 700 mpaka 1,000. Vikapu ndo vinavyotoka kwa wingi, Bibi mwenyewe aliniambia tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 vikapu ndo vinavyomlipia miyaa. Hapunguzi bei, msijaribu, na mie nilipojua kazi nikaona haya kwamba niliwahi kuomba kupunguziwa. Mkeka wa mtu mmoja wa chane nyembamba ni zaidi ya mwezi wa mikono ya mtu. Gawanya mwenyewe uone ni shilingi ngapi kwa siku. Kufundishwa halipishi, unaleta miyaa yako au unanunua kwake tita 200, mengi yanatoka Kipungani huko upande wa pili wa kisiwa ambako ususi ndo kazi ya nyumba nyingi, na unatarajiwa uje kweli. Ukikosa siku tatu bila sababu unakuta chane zako kapewa mwengine.

Kwa walio Mombasa au Malindi, mzigo unakuja, kijana wa nyumba auvusha kwa boti mpaka Mokowe upande wa bara unapakiwa basi, wa rafiki yangu ulifika siku ya pili umefungwa vizuri kwa gunia. Mjue Ramadhani wanafanya kazi asubuhi tu, na mfungo sita msipeleke kitu cha haraka, manake maulidi yanakaribia, nyumba zote zinangoja wageni na kila mtu ndo anakumbuka mikeka yake.

Kuutunza, nimefundishwa hivi na nimeona kweli. Usiukunje, uviringe, ukikunjwa chane zinavunjika pale penye mkunjo na hapo ndo panya na mdudu wanapoanzia. Usiufue na sabuni ya unga, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo kisha anika kivulini penye upepo, jua kali linakula rangi. Na usiuweke juu ya sakafu ya simiti yenye unyevu zaidi ya siku mbili bila kuunyanyua. Ukinunua mpya popote pale, ugeuze uangalie nyuma, ncha zimekatwa au zimeachwa kama ndevu, kisha uinue uutazame kwenye mwanga, ukiona nuru imepita kwa mstari kati ya kili na kili mshono huo hautafika mwaka.

Mji wetu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ni sawa, milango yapigwa picha na kuta zarekebishwa. Mie ningeomba na mikeka iliyo nyuma ya milango hiyo itolewe itazamwe. Nimeshaona mitatu mwaka huu jalalani, mmoja ulikuwa na maandishi yamesukwa ndani, jina la mtu, umetupwa juu ya maganda ya nazi. Niliuokota. Bibi amesema unashoneka.

Kama ni nyota nampa tano kwa kazi na tatu kwa muda na simu. Mlango uko wazi baada ya alasiri, Ijumaa hapana. Mkiingia mtamuona mama mmoja pembeni ya ukuta kashika ncha ya ukili kwa mkono wa kulia, safari hii ni wa msala, chane kumi na moja. Msalimieni na mngoje ajibu. Ataitikia.